Rambirambi za Mama Chui

Mama Henriette akiletewa habari ya kifo, cherehani inasimama. Anafuta mikono kwa kipande cha kitenge, anavaa miwani, halafu anauliza swali lake: "Alikuwa muntu wa namna gani?" Haulizi amekufa na nini. Ugonjwa ni habari ya waganga, anasema. Yeye ni fundi wa nguo na wa rambirambi za kuwaandikia watu kwenye simu zao, na vyote viwili huanza kwa kupima mtu. Ukishindwa kumjibu, anakurudishia simu yako na kukwambia uende ukafikiri kwanza.

Mimi ni Arlette. Nakaanga bitumbula, maandazi yetu ya mviringo, mbele ya mlango wake hapa Kikula, Likasi. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyaona, na yale ambayo sikuyaona niliyauliza mpaka nikaambiwa. Watu husema nina mdomo. Sawa, ninao. Wao wana nini?

Kazi hii ya rambirambi ilianza alipofiwa na baba yake, kule Kamatanda. Simu yake ilijaa ujumbe, na karibu wote ulikuwa uleule: mshumaa, maua, mikono ya kusali, na maneno yaliyonakiliwa bila hata kutaja jina la marehemu. Dodo, fundi wa simu wa hapo kona, ndiye aliyewashinda wote. Alimtumia mishumaa mizuri sana inayowaka, na chini yake imeandikwa kwa Kifaransa, "Heri ya siku ya kuzaliwa." Alipoulizwa akasema mshumaa ni mshumaa. Mama Henriette alikuwa ameketi kwenye mkeka wa kilio, kitambaa kichwani. Aliposoma alicheka mpaka shangazi zake wakadhani uchungu umempanda kichwani. Hasira ilikuja baadaye.

"Arlette," aliniambia, "papa yangu alikuwa na meno mbili ya mbele yenye kuachana, na alikuwa anaimba akifunga biatu. Hakuna hata muntu moya mwenye aliandika ile."

Tangu hapo akawa hivyo. Gracien, anayepasua mawe Kakontwe, alikuja siku moja na simu mkononi. Mkubwa wake wa kazi amefiwa na baba. "Mama, weka tu Mungu alitoa, Mungu alitwaa." Mama Henriette akamwangalia juu ya miwani. "Ile anaiyua. Huyu muzee alikufanyia nini?" Gracien akajikuna kichwa, akasema hakumfanyia kitu. Halafu akakumbuka kwamba siku moja mvua ilimkamata barabarani, na mzee yule akamwita, akamsimamisha chini ya bati lake, akamsimulia habari za nzige mpaka mvua ikakatika. "Andika nzige!" Mama Henriette alipiga meza. Wakaandika nzige. Mkubwa wake alipomwona kazini alimkumbatia mbele ya watu wote, na Gracien mpaka leo anatembea kama aliyebatizwa mara ya pili.

Sasa nije kwa Papa Athanase.

Papa Athanase alikaa barabara ya pili kutoka kwetu, naye alipasua mawe Kakontwe pamoja na Gracien. Alikuwa wa Bena Mbushi, watu wa mbuzi. Mama Henriette ni wa Bena Ngo, watu wa chui. Kwetu hao ni watani, banungwe, na utani huo hauchagui, unazaliwa nao. Chui anamtukana mbuzi, mbuzi anamtukana chui, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Mzee alikuwa akipita asubuhi anafunua sufuria ya Mama Henriette bila hodi, anaonja sombe, majani ya muhogo, anakunja uso kwa chumvi, "Chui haiyue kutia munyu!" na anakula nusu nzima akiwa bado amekunja uso. Mama Henriette naye hakubaki nyuma. Pasaka moja alimshonea suruali yenye mkia nyuma. Mzee akaivaa. Akaenda nayo kanisani, akapokea komunyo na mkia wake, na padri akajifanya hakuona.

Lakini kazi kubwa ya mtani ni siku ya kilio. Wengine wakilia, yeye anakuja kumtukana marehemu. Anamwiga alivyotembea, anamgombeza kwa kuondoka, anamzuia njiani asipite, mpaka waliolia tangu alfajiri wanacheka na kupata nguvu ya kula. Kwa watu wetu, maiti ambayo haikutukanwa na mtani imezikwa kama ya mtu asiye na watu. Na chui wengine wote wa mtaani kwetu walikuwa wamehama au wamekufa. Aliyebaki wa kumfanyia Papa Athanase heshima hiyo ni Mama Henriette peke yake.

Mzee alifariki Jumanne, usingizini. Binti yake pekee, Orpha, ni mfamasia Kinshasa. Mama yake aliondoka naye akiwa mdogo, akalelewa huko na wajomba, kwa Kilingala na Kifaransa; Kiswahili chake kilikuwa cha kuongea na baba yake kwenye simu, basi. Alishuka Lubumbashi kwa ndege, akafika Likasi Jumatano, na maziko yakawekwa Ijumaa.

Jumatano hiyohiyo mlango wa Mama Henriette ulikuwa kama soko. Kila mtu anataka kumwandikia Orpha, kila mtu anapimwa, kila mtu anatoka ameandikiwa chake. Walipokwisha, akavuta simu yake mwenyewe. Aliandika anacheka, akanisomea:

"Orpha, mutoto ya mbuzi. Nasikia papa yako amekimbia. Alikuwa mwoga tangu zamani. Aliona meno yangu yanakaribia, akasema afazali nikufe minye mwenyewe. Umwambie asisimame ku mulango ya mbinguni na ile ndevu yake, batamufunga kamba na kumupeleka mu malisho. Nakuya kesho kumukula mbele ya bantu bote. Ni minye, Chui."

Nilicheka mpaka bitumbula vyangu vikaungua. Akabonyeza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jibu lilikuja kabla sijatoa vile vilivyoungua. "Madame, sikuyui. Papa yangu amekufa na weye unacheka. Usikuye ku kilio. Nikikuona pale nitaita polisi."

Mama Henriette aliusoma ujumbe huo mara ya kwanza akatabasamu, akidhani ni utani. Aliusoma mara ya pili tabasamu likaisha. Mtu wa Likasi tu ndiye anayeweza kukosea hivyo: kwa kuwa hapa hata mtoto wa shule anajua chui ni nani kwa mbuzi, alidhani dunia nzima inajua.

Mimi nilipandwa na hasira. Polisi! Kwa rambirambi! Kinshasa wanazikana vipi, kwa kunong'ona? Nilifungua aproni, nikataka niende nikamfundishe yule dada habari za kwetu, Mama Henriette akanishika sketi. "Arlette, kaa chini. Mutoto amefiwa." Nilikaa chini, lakini kwa kelele.

Jioni akaja Rosalie, jirani aliyekuwa akipika kule kilioni. Alisema Papa Fidèle, mdogo wa marehemu, amefika kutoka Kapolowe na amemweleza Orpha kila kitu: mbuzi, chui, heshima, desturi. Alimweleza vizuri, na polepole.

"Na yeye akasema nini?" nikauliza.

Rosalie akashusha sauti. "Akasema, 'Tonton, nimeelewa. Lakini mweye bote mulikuwa na papa miaka yote. Minye nilikuwa tu na sauti yake mu telefone. Sitaki muntu amucheke mbele yangu.'"

Hapo nikaifunga aproni yangu tena.

Alhamisi mchana tuliitisha baraza bila kuitana. Dodo alikuja, Gracien alikuja ametoka kazini, na vumbi jeupe la Kakontwe mpaka kwenye nyusi, wakaja na wengine wa kutazama tu. Maana kesho yake mzee anazikwa, na mtani wake amekatazwa mlango.

"Omba pardon," Dodo alisema. "Andika tu, Pardon mama, nilikosa."

"Nikiomba munungwe pardon," Mama Henriette alijibu, "ni kusema papa yake alikuwa kwangu muntu ya njia tu."

"Basi tuma rambirambi ya kawaida. Mungu amulaze pema."

Alijaribu. Naapa alijaribu. Aliandika, "Pole sana kwa kifo cha papa mupendwa," akaitazama, akafuta, akaandika tena, akafuta. Alisema ni kama kumvalisha mzee suruali ya mtu mwingine. Kila mtu alikuwa akimpa maneno, Gracien ya kanisani, Dodo ya kwenye simu, mimi ya ugomvi, na yeye anatikisa kichwa. Akavua miwani.

"Sikumupima," alisema.

"Nani?"

"Mutoto. Nilimupima muzee, nikasahabu mutoto. Nilimwandikia sawa vile anamuyua papa yake. Hamuyui, Arlette! Nani anaweza kucheka muntu mwenye hamuyui?"

Akavaa miwani kwa haraka kama mtu aliyesikia treni, akaanza kuandika, na safari hii hakucheka. Sisi tuliinama nyuma ya mabega yake.

"Orpha. Ni ile Chui tena. Sikuombi pardon, papa yako angenicheka. Nakuambia tu mambo yenye alitufanyia. Kila Siku ya Mungu, kisha misa, alikuwa anapanda juu ya ukuta ya choo yangu, sababu njo pale tu reseau ya telefone ilikuwa inakamata. Muntu muzima, na koti yake ya misa. Anapiga kelele: ORPHA, UMEKULA NINI? Na shiye bote tulikuwa tunayua Orpha amekula nini. Kama ni samaki, alikuwa anashuka na kutuambia ni samaki ya namna gani, sawa vile ni yeye aliivua. Siku moya minye nilikuwa ndani ya choo. Nilishindwa kutoka, masolo yenu mu telefone ni murefu. Ile mbuzi ilinichosha."

Akatuma. Tukaingoja ile simu kama watu wanaongoja penalti. Alama mbili zikageuka bluu. Ikaonekana kwamba anaandika. Ikapotea. Ikaonekana tena. Gracien alianza kusali, nikamkanyaga mguu.

Likaja neno moja. "Tena."

Ee Mungu wangu! Sijui nani alipiga kelele kwanza. Pengine ni mimi. Mama Henriette akapunga mikono, "Mupanue! Munipe hewa!" na vidole vikaanza kukimbia. Aliandika siku ile matokeo ya mtihani wa Orpha yalipotoka, mzee akakimbia barabarani na kiatu kimoja, akamwambia hata mbwa wa polisi. Akatuma. "Tena." Aliandika kwamba wimbo wa korali ukifika pale juu mzee alikuwa anapotea kama mbuzi kwenye mahindi, na anarudi amemaliza kabla ya wengine. "Tena."

"Andika ile ya picha!" Dodo alipiga kelele. "Alikuya kwangu nitie picha ya mutoto mu telefone. Nikatia. Akasema apana, sura ni kidogo, ijae kioo yote! Nikamwambia, papa, hautaona saa. Akasema saa ni ya nini?"

Dodo si mtani, hana ruhusa ya kumcheka mzee hata kidogo. Lakini neno lake likipita kwenye vidole vya Mama Henriette linakuwa tusi halali, basi kila mtu akawa anampa lake. Gracien naye, yule asiye na maneno, alikuwa anarukaruka. Kule Kakontwe, alisema, mtu akikohoa tu, mzee Athanase anasimamisha kazi: "Ngojea, nitauliza mutoto wangu, ni mukubwa wa dawa Kinshasa." Haulizi kitu. Kesho yake anarudi na jibu: "Amesema ukunywe mayi mingi." Mwenye kikohozi, maji mengi. Mwenye mgongo, maji mengi. "Tulipona bote!" Gracien alisema, na mara machozi yakaanza kuchora mistari kwenye vumbi la uso wake, huku bado anacheka.

"Ile ya mayi, andika sasa hivi!" nilimwambia Mama Henriette. "Naandika, usinisukume!" Betri ikaanza kulia. Dodo akaruka kwenda kwake kuchukua chaja, akarudi anahema na waya usiolingana, akarudi tena. Mafuta yangu yaliungua yote na sikujali. Watoto walikula bitumbula vibichi na sikujali.

Ndipo Rosalie akatokea mbio, mwiko bado mkononi, unga wa bukari, yaani ugali, mpaka kwenye viwiko.

"Anasoma kwa sauti!" alisema. "Ameketi katikati ya ba mama, anasomea kilio yote! Papa Fidèle anashika tumbo!"

"Na yeye?" Mama Henriette aliuliza. "Yeye analia ao anacheka?"

"Byote mbili!"

Lakini Orpha hakumwambia aje. Hilo ndilo lililotukaa rohoni tulipoachana. Ujumbe wa mwisho wa Orpha ulikuwa "Aksanti," na haukuwa na neno la mlango. Nilimwambia Mama Henriette aende tu, mtani haombi hodi. Alikataa. Alisema ataingia kwa nguvu kwenye nyumba ya mtu yeyote Likasi, lakini si ya mtoto anayemlilia baba yake.

Ijumaa asubuhi alivaa kitenge chake cha madoadoa, akajipaka masizi mashavuni, akaketi mlangoni. Hakushona. Mimi sikukaanga. Tulisikia nyimbo kule barabara ya pili, tukasikia misa inakwisha, tukasikia vilio vinapanda, na hapo tukajua jeneza linatoka. Hakuna aliyetumwa kumwita. Nilimtazama, nikaona anatazama kona ya barabara tu, na roho yangu ikauma sana.

Njia ya makaburini inapita mbele yetu. Gari la kwanza, lililobeba jeneza, lilipokata kona, Mama Henriette alisimama.

"Alisema nisikuye ku kilio," alisema. "Barabara ni ya bantu bote."

Akakimbia, mama wa mwili mnene vile, akajilaza katikati ya barabara, mikono na miguu ameitawanya. Dereva akakanyaga breki. Korali ikakatika katikati ya wimbo. "Mbuzi!" alipiga kelele kutoka chini. "Unaenda wapi bila kuniaga? Leo haupite!"

Siku nyingine yoyote watu wangepiga vigelegele. Siku ile walinyamaza wote, maana wote walijua habari ya polisi. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka msichana mwembamba, nguo nyeusi, viatu vya mji. Alitembea mpaka akasimama juu ya kichwa cha Mama Henriette. Alikuwa na pua ya baba yake, ileile.

"Weye njo Chui?" aliuliza.

"Njo minye."

Orpha akaweka mikono kiunoni. Halafu akapandisha sauti, kwa Kiswahili chake kibovu, mtaa mzima ukasikia: "Chui gani inalala mu njia sawa imbwa? Njo hii papa yangu alikuwa anaogopa? Haina hata meno! Simama, bibi muzee, mbuzi inapita!"

Jamani! Barabara ilipasuka. Vigelegele, vicheko, Papa Fidèle akacheza peke yake na kofia mkononi, korali ikaanza wimbo mwingine kabisa. Nikamgeukia Mama Henriette nisikie atakavyomrudishia, kwa sababu tangu nimjue hakuna aliyemtukana akabaki bila kulipwa. Alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alifungua tena, na masizi ya mashavuni yakaanza kuteremka, akalia pale chini kwenye vumbi, kwa sauti, kama mwenye msiba.

Orpha akapiga magoti na nguo zake nyeusi, akamshika mkono.

"Pole, Mama," alimwambia. "Pole sana. Umefiwa."

Tangu Jumanne tulikuwa tumemletea Mama Henriette simu zetu zote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia neno hilo. Aliinuka taratibu, akajipangusa, akasogea pembeni, na Papa Athanase akapita.